Mzee Byabato, Aliyetuchorea Kisichoonekana

Tarehe 27 Juni 2025 Mzee Elieza Byabato anatimiza miaka sitini, anastaafu na kukabidhi funguo za maabara ya Sekondari ya Mukishozi, Muleba. Amezishika kwa miaka thelathini na minne. Mwalimu Consolata Kahigi, Mkuu wa shule, ameniomba niandike kwa niaba ya wanafunzi tuliomaliza kidato cha nne mwaka jana. Nilimwambia kuna wanaoandika vizuri kuliko mimi. Akasema anajua, ila niandike mimi.

Mzee Byabato ni mzaliwa wa Kibeta, Bukoba, na huimba besi katika kwaya ya Kilutheri. Alipoajiriwa kuwa fundi wa maabara mwaka 1991, chumba chenyewe kilikuwa stoo ya majembe. Meza alizitengeneza mwenyewe, na ile ya dirishani bado inayumba kwa sababu, kama asemavyo, ndiyo aliyojifunzia. Kila chupa ina jina kwa mwandiko wake. Hata chupa yake ya chai imeandikwa CHAI, baada ya mwalimu mmoja mgeni kuiweka kwenye kabati la kemikali.

Wakubwa zetu husimulia habari ya senene, wale panzi watamu wa kwetu. Msimu mmoja aliandaa sahani ya senene waliokaangwa ili darasa liwatazame kwa hadubini. Aliporudi kutoka kuchukua vioo, sahani ilikuwa tupu na kidato cha pili kizima kimefunga midomo. Hakuchapa mtu. Aliwaambia wachore mguu wa senene bila kumwona. Wengi walichora mguu unaofanana na wa kuku. Akasema, "Mmekula tangu utoto na hamjawahi kuangalia."

Kuangalia ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa. Mwaka 2012 wageni wa chuo kikuu walimwachia picha moja ya uso wa jani la gimbi, iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni. Sote tunajua tone la maji halikai juu ya jani la gimbi, linabingirika kama shanga. Picha ile ilionyesha sababu yake: vinundu vidogo sana, na juu ya vinundu vijiti vya nta ambavyo upana wake hupimwa kwa nanomita. Unywele mmoja una upana wa nanomita zipatazo elfu themanini. Hadubini zetu tatu haziwezi kufika huko. Basi Mzee Byabato akaichora picha hiyo ukuta mzima wa maabara, kutoka sakafuni hadi darini, kwa rangi zilizobaki zahanati ilipopakwa milango. Ilimchukua likizo mbili. Vinundu vikawa vyekundu na vijiti bluu.

Ukuta ule tuliupenda mno. Mvua ikipiga bati hata mwalimu asisikike, sisi tulitazama ukuta. Kwangu neno nanoteknolojia halikuwa neno gumu. Lilikuwa msitu wa bluu.

Mwaka 2023 nilikuwa kidato cha tatu, na shule ilinipeleka na wenzangu kwenye maonyesho ya sayansi Bukoba mjini. Tulieleza jani la gimbi na jinsi watu wanavyoliiga kutengeneza vitambaa visivyolowa. Jaji akaniuliza vijiti vile vya nta vina rangi gani. Nikajibu bluu. Akauliza nimejuaje. Nikasema, "Nimeviona. Viko ukutani kwetu." Ukumbi ukacheka. Jaji alieleza kwa upole kwamba hadubini ya elektroni haioni rangi, hutoa picha ya kijivu, na rangi huongezwa na watu baadaye. Sikusikia mengi. Tuliporudi niliandika barua ya kuomba kuhamia mchepuo wa sanaa.

Mzee Byabato alipopata habari aliumia kuliko mimi. Jumamosi alinunua chokaa. Jumatatu tulikuta nusu ya ukuta ni nyeupe, naye yuko juu ya ngazi na brashi. Mwalimu Kahigi alimwambia, "Mzee, ukuta ni wa shule, lakini mkono ni wako. Amua." Sumaiya wa kidato cha kwanza, ambaye haogopi mtu, akauliza kutoka mlangoni, "Babu, ukimaliza kufuta, sisi tutaangalia nini?" Mzee akaiweka brashi ndani ya ndoo. Kisha akashuka.

Kesho yake alikuja darasani kwetu na gunia. Ndani kulikuwa na kitu, na kila mmoja wetu aliingiza mkono, akapapasa, akaenda kuchora. Mwenzetu Najibu alichomoa mkono akipiga kelele, "Nyoka, waitu, jamani!" akachora nyoka mwenye ulimi. Uledi, mwenzetu mwingine, alichora pembe nyeusi yenye mistari. Ilikuwa pembe ya mbuzi, nyeupe. Mzee akauliza, "Najibu, mkono wako uliona ulimi?"

Halafu akatuagiza tupige mstari chini ya kile mkono ulichosema, na tuzungushie duara kile tulichoongeza wenyewe. Ndipo akatueleza kwamba zipo mashine zinazopapasa vitu vya nanomita kwa ncha kali ya sindano, kama mikono yetu gizani, na nyingine hurusha elektroni. Umbo linapimwa. Rangi inachaguliwa. Picha hizo si uongo, na bila hizo tungetembea vipofu, ila anayeitazama picha lazima aulize nani ameipaka.

Baada ya kipindi alinifuata nje. "Kosa si lako, mama. Mimi ndiye nilipaka bluu, na sikuandika popote kwamba nimechagua." Alikuwa ameshasikia habari ya barua. "Ikae mfukoni kwanza mpaka ukuta ukauke."

Kwa siku mbili, akifuata mistari iliyoonekana bado chini ya chokaa, alichora upya ile nusu nyeupe, vinundu vilevile na vijiti vilevile, kwa kijivu tupu. Nusu ya rangi aliiacha, akaandika chini yake: RANGI HIZI NI ZA BYABATO. Mimi alinipa brashi nichore mstari wa kipimo, wa kuonyesha ukubwa halisi, ambao hatukuwa nao miaka yote ile, na kuandika urefu wake kwa nanomita. Mstari umepinda kidogo. Hakuurekebisha.

Ukuta ulikauka Alhamisi. Barua sikuipeleka.

Mwezi ujao naingia kidato cha tano, mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia. Wako wengi wa miaka yote thelathini na minne wenye habari zao kama hii, wauguzi, mafundi na wakulima, na nimeandika kwa niaba yao pia. Mzee Byabato, asante kwa kutufundisha kuangalia, na kwa kukubali mbele yetu kwamba ulikosea. Mungu akupe afya, kahawa izae vizuri kibanjani, kwenye shamba lako la Kibeta, na uzee wako uwe mwepesi.