Bibiana Anselmi, Mlezi Aliyekula Mwisho

Ndugu waombolezaji, marehemu Bibiana Anselmi alizaliwa Vidunda tarehe 12 Mei 1938, mtoto wa pili wa Mzee Anselmi na Mama Teresia. Wa kwanza ni Kasian, mwenyekiti wa kijiji. Ndiye anayewasomea karatasi hii, na ameomba lisipunguzwe hata neno moja.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1951. Akili alimzidi kaka yake, ila aliachishwa ili alee wadogo. Mwaka 1959 alifunga ndoa na Bwana Donati, wakajaliwa watoto watatu.

Kijiji chetu cha ujamaa kilipoanzishwa karibu na Mikumi, 1969, Bibiana alipewa kazi ya kulea watoto wakati wazazi wako shamba la pamoja. Alipanda mipapai na mchicha nyuma ya banda la kulelea watoto, na watoto wa watu wakanawiri. Wenzake walimtania, "Mama Fausta, mbona wewe huli?" Naye akajibu, "Mlezi hulamba mwiko, jamani!" Watu wakacheka. Kasian naye alicheka.

Mwaka 1972 binti yake Fausta, wa miaka mitatu, alianza kujikwaa kwenye vigoda kila jua likizama. Mganga wa zahanati akasema macho yanakosa lishe, akaagiza apewe maini, mayai na mboga za majani. Bibiana akachinja kuku. Kasian akatokea.

"Shikamoo, kaka. Leo ini ni la Fausta."

"Marahaba. Tangu lini mtoto akala ini, mkubwa akatafuna shingo?"

Bibiana hakubishana, akampakulia. Na kila kuku aliyefuata, Kasian hakukosa. Mwaka uleule surua ilipita, Fausta akapoteza jicho la kushoto. Hakuna aliyemlaumu Kasian, maana ndiyo desturi. Heri angelaumiwa.

Agosti mwaka huu, 1978, Bibiana aliishiwa nguvu. Daktari alisema damu imepungua. Miaka mingi mwili ulikosa chakula cha maana. Kasian alimpelekea maini hospitalini, bakuli zima. Bibiana akayatazama, akauliza, "Fausta ameshakula?" Alifariki Ijumaa, tarehe 3 Novemba.

Ameacha mume, watoto watatu na kaka mwenye aibu. Leo mbuzi wa msiba wakiiva, maini ni ya watoto na wanaowalea. Kasian apewe shingo.

Apumzike kwa amani Bibiana. Safari hii Fausta atatangulia kula.