Diski Iliyo Mfukoni

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa vitengo, mama, mke wa mstaafu wetu, wafanyakazi wenzangu, nanyi walinzi mliokubali kwa mara ya kwanza kuketi: nawasalimu nyote kwa heshima zenu.

Leo, tarehe thelathini Juni, fundi wetu wa kompyuta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kwenye jalada wengi hamlijui. Mnamwita Diski Ipi, kwa kuwa hilo ndilo swali alilomuuliza kila aliyemletea kompyuta mpakato ili awekewe mfumo endeshi. Aliyejibu "yoyote tu" alirudishiwa mashine yake akafikiri kwanza.

Kompyuta zetu zina diski mbili: moja ya kasi, nyingine ya kuhifadhia kazi. Diski inayochaguliwa kuwekwa mfumo hufutwa yote. Fundi hakuiamini skrini, wala hakujiamini mwenyewe. Aliichomoa ile isiyohusika, nyembamba kama kipande cha chingamu, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Iliyo mfukoni haifutiki," alisema.

Haifutiki, kweli, ila hufulika. Miaka tisa iliyopita mtunza ramani alileta mashine yenye ramani za viwanja mia sita. Fundi akaweka mfumo salama salimini, akarudi kwake na viwanja vyote kifuani. Mkewe, asiye na mzaha na kola chafu, akaloweka shati. Siku tatu diski ilianikwa kwenye dirisha la masijala, Mkurugenzi akipita hapo kwa kunyata kana kwamba ndani mna mgonjwa. Siku ya nne ramani zote zilifunguka. Jalada la fundi lina barua mbili za tarehe hiyo, moja ya onyo, moja ya pongezi.

Tangu hapo hatujapoteza faili hata moja. Tuliomwona mzito tulikuja kutambua kwamba alikuwa akituokoa na mikono yetu wenyewe.

Bwana Fundi, ahsante. Ulale mchana bila kuitwa, na siku zako zilizobaki zikunyookee wewe na nyumba yako.

Limebaki jambo moja. Zawadi yako ni kompyuta mpakato, na asubuhi ulikataa katakata kuwekewa mfumo na mtu mwingine. Ukauweka mwenyewe kwenye diski ya kasi. Diski ya pili, ambamo sote tulikurekodia salamu za kuagana, na ambazo hazina nakala popote, haimo ndani ya mashine. Shati lako la asubuhi ameondoka nalo binti yako, aliyekuletea hili jipya saa sita. Kwa usafi, binti huyo ni mamaye mtupu.

Kamati imeamua: keki haikatwi mpaka diski irudi. Binti hapokei simu, na sote tunajua mikono yake imo wapi. Dereva na mama wanaondoka sasa hivi. Mlioegesha magari langoni, tafadhali inukeni mkayaondoe.