Picha Ikisimama, Mama, Tuvumilie

Ndugu waombolezaji, na wewe mama yetu Kokushubila unayetutazama kwa simu kutoka Kamachumu, tunaomba utulivu wenu kidogo.

Marehemu Ansbert Rwechungura alizaliwa tarehe 14 Agosti 1983 huko Kamachumu, Wilaya ya Muleba, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Stephano na mama Kokushubila. Alisoma hukohuko hadi kidato cha nne, mwaka 2001, kisha akaja Dar es Salaam kusomea ufundi umeme. Mama alimfungia kopo la senene, wale panzi wetu wa kukaanga, la safarini. Aliwaonjesha abiria wenzake basi zima, akafika mjini na kopo tupu.

Tarehe 8 Oktoba 2011 alifunga ndoa na Tekla, kanisani Vingunguti. Wakaishi hapa Kiwalani, wakajaliwa Gladness na Valerian.

Kuanzia mwaka 2016 alikuwa fundi wa kampuni ndogo ya intaneti. Kazi yenyewe alikuwa akitueleza kwa mfano wa chakula. Waya mmoja wa kioo, mwembamba kama unywele, unafika kwenye nguzo ya mtaa, hapo unagawanywa kwenda nyumba nyingi. "Sinia ni moja," alisema. "Wakiongezeka walaji, kila mtu anapata tonge dogo."

Jioni moja ya Novemba 2022 mtaa mzima ulikuwa unatazama mpira. Zahanati yetu, iliyo kwenye waya huohuo, ilikuwa inamtumia daktari wa mjini picha za tumbo la mama mjamzito. Picha zikakwama. Jibu lilipofika, mama aliwahiwa, mtoto hakuwahiwa. Ansbert alirudi nyumbani akakataa kula. "Tekla, nyumba zote mpya kwenye ile nguzo nimeziunganisha mimi." Alikuwa ametumwa na ofisi, lakini hilo halikumpa usingizi.

Nyumbani kwetu mgonjwa hutolewa sehemu yake kabla sinia halijatua. Akaupanga mtandao hivyohivyo: kitu chochote cha zahanati kipite kwanza, sisi wengine tugawane kinachobaki. Ofisi ilipotaka kuuondoa mpango ule kwa sababu wateja wanalalamika, alisema, "Mkiuondoa, niondoeni na mimi." Wakauacha.

Mtaani hawakumwacha. "Braza Ansi, goli tunalisikia Vingunguti wanashangilia, sie huku mchezaji bado kasimama na mguu juu." Wengine waliacha kumsalimia, na wapo hapa leo, karibuni. Hata Tekla alilalamika, "Mume fundi wa mtandao, na tamthilia yangu inakwama kila siku."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2024. Nesi Rosalia wa zahanati alipokwenda kumtazama hospitali, alimkuta amedhoofika sana. "Picha zinapita?" ndilo swali Ansbert alilomuuliza. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Machi 2025.

Mama, miguu haikukuruhusu kuja kumzika mwanao, na ibada hii unaipata kupitia waya uleule. Juzi ofisi ilipiga simu: kwa heshima ya marehemu, leo Jumamosi wangeiweka familia mbele ya zahanati. Wengi wetu tulitaka iwe hivyo. Tekla akamgeukia Rosalia.

"Jumamosi mnafungua?"

"Tunafungua, dada. Wajawazito hawachagui siku."

Tekla akasema, "Basi waache alivyopanga mwenyewe. Mama nitamwambia mie." Na usiku huo alikupigia. Ulilia, hukukataa.

Kwa hiyo picha ikisimama, mama, usidhani tumekusahau. Kuna mgonjwa amepita mbele, na mwanao ndiye aliyempisha.

Marehemu ameacha mama, mjane Tekla, watoto wawili, na wadogo zake Loveness na Gaudens, anayewasomea wasifu huu.

Pumzika kwa amani, kaka. Na mama, kama hapa katikati tulikupotea, tutakupigia jioni tukusomee upya, tangu kwenye senene.