Mzee Mugo wa Kang'ethe, Aliyewaambia Wanafunzi Wasogee Karibu

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Gitothua kutoka pande zote, familia imenituma niwasomee maisha ya mzee wetu Mugo wa Kang'ethe.

Mzee Mugo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kule Gatuanyaga, nje kidogo ya mji wa Thika, mtoto wa pili wa marehemu Kang'ethe na marehemu Wanjiku, akasoma shule ya msingi hapo kijijini hadi akamaliza darasa la saba mwaka wa 1974, kisha akaingia machimbo ya mawe kando ya mto Ndarugo, ambako mjomba wake Njau alimfundisha kuchonga jiwe mpaka likae sawa pande zote. Mwaka wa 1983 alihamia Ruiru akiwa fundi wa kujenga, na wengi wenu mnaoishi mtaa wa Kimbo mnalala ndani ya kuta alizozisimamisha yeye. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpenzi wa mpira wa redioni, na hakuweza kupita penye ukuta uliopinda bila kusimama na kuutikisia kichwa.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Ngina, binti ya mzee Githae, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ciku aliyezaliwa mwaka wa 1988, Kang'ethe wa 1991, na kitindamimba Waruguru wa 1996, pamoja na wajukuu mnaowaona hapa mbele.

Mwezi wa Juni 2019 alihisi kijivimbe kisogoni, kidogo kama punje ya mahindi, akadhani ni jipu, akapaka dawa ya duka, kikanywea, kikarudi, kikaanza kutoa damu, mpaka mkewe akamwambia waziwazi, "Baba Ciku, hicho si kipele, na mimi nimechoka kufua foronya zenye damu." Ndipo akakubali kwenda hospitali ya Thika, wakakata kipande wakakipeleka kupimwa. Majibu yalitoka Februari 2020, na Daktari Nadira Salim, aliye pamoja nasi leo, akamweleza kwamba ilikuwa saratani ya tezi za jasho, ugonjwa adimu ambao yeye mwenyewe, katika miaka yake yote ya udaktari, alikuwa ameusoma vitabuni tu.

Wengi wetu tungelia hapo. Mzee Mugo aliuliza, "Kwani jasho hutoka wapi?"

Daktari akachukua kalamu akamchorea ngozi ya binadamu, na ndani yake kijibomba chembamba kuliko uzi, kimejikunja huko chini, kinapanda hadi juu na kufunguka kwa kitundu ambacho jicho halikioni, akamwambia kwamba mwili mmoja una mamilioni ya vijibomba hivyo. Mzee aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akaunyanyua mkono wake mwenyewe, akaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Nimetoa jasho tangu ujana wangu, na sikujua ninatembea na kazi kama hii. Mungu ni fundi." Mama Ciku anasema alibaki kumshangaa, mtu ameletewa habari ya kifo naye anasifu.

Kabla ya upasuaji, daktari alimwomba kwa heshima awaruhusu wanafunzi wa utabibu wamwone, kwa kuwa huenda wasikutane na ugonjwa huo tena maishani. Mama Ciku alikataa. "Mume wangu si wa kuonyeshwa watu," alisema, na tulimwelewa, kwa maana mzee huyu hakuvua kofia hovyo hata nyumbani kwake. Lakini yeye alimjibu polepole, "Ngina, wasipoona kwangu, wataona wapi?" Wanafunzi walipoingia na kusimama mbali kwa aibu, ni yeye aliyewaita, akiwa ameinamisha kichwa, "Sogeeni. Shikeni. Macho peke yake hayatoshi."

Alipasuliwa mwezi wa Machi, akapona, akarudi kazini, hadi mwaka wa 2022 ugonjwa ulipojitokeza tena shingoni, akaanza kutibiwa kwa mionzi jijini Nairobi, na huko pia wanafunzi wengine walikuja, akawaita vilevile.

Mmoja wa wale wa kwanza aliitwa Kaleli. Mwaka wa 2023 alikuwa ameajiriwa katika kituo cha afya hapa Ruiru, akajiwa na Wayua, mama anayeuza mboga Kimbo, ambaye alikuwa na kitu kama chunjua kisiginoni, amekikwangua kwa wembe muda mrefu na hakikomi. Kaleli alikishika, na anatuambia kwamba vidole vyake vilikumbuka kabla ya kichwa. Akamtuma kwa Daktari Nadira, kikapimwa, ukawa ugonjwa uleule, kikakatwa chote kabla hakijasambaa.

Wayua alipopata nguvu, akiwa amesimuliwa na Kaleli habari za mzee, alikuja nyumbani kumwona, akaketi. Mama Ciku, yuleyule aliyekataa, ndiye aliyepiga magoti mbele yake na kusema, "Hebu nione," akamvua kiatu, akakishika kile kisigino chenye kovu kwa mikono miwili.

"Unaumia ukitembea?" mzee akauliza.

"Siumii, baba."

"Basi tembea nione."

Akatembea kutoka kitini hadi mlangoni, akarudi, na mzee akamfuata kwa macho kila hatua, kama mtu aonaye jambo kubwa kumzidi.

Mwaka huu wa 2025 ugonjwa ulifika mapafuni, akaomba arudishwe nyumbani, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Agosti, akatuacha, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ngina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Thika na Nairobi, majirani wa Gitothua ambao hawakuuacha mlango wetu ukae kimya, na mafundi wenzake wote wa Kimbo. Mama Ciku ana ombi moja, kwamba baada ya mazishi, kabla ya chakula, Daktari Nadira na Kaleli watakuwa kwenye ile hema ndogo karibu na lango, na yeyote mwenye uvimbe au kidonda kisichopona asione haya, apitie pale ashikwe. Wayua ndiye atakayewapokea.

Mugo wa Kang'ethe, mume, baba na babu, guka wetu, umetushangaza hadi mwisho, sasa pumzika, na iwe kwa amani.