Bi. Sadiya Zubeiri na Kipande cha Moyo Kilichopanda Boda

Tarehe 31 Machi 2025, Bi. Sadiya Zubeiri anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, tisa ya mwisho katika maabara yetu ya tishu za moyo hapa Arua. Aliajiriwa kuosha vyupa. Leo madaktari humwuliza yeye kabla ya kugusa chochote.

Mwaka 2016 kaka yake Taban, mkulima wa Ludara, Koboko, alipata shambulio la moyo. Alipona, lakini sehemu ya msuli wa moyo ilikufa ikageuka kovu, na jembe likamshinda. Maabara ilipoanza kukuza vipande vya msuli wa kutibu makovu kama hayo, Bi. Sadiya aliomba kuhamia huko.

Miaka mitatu chembe hai za msuli tulizokuza zilikufa tu. Sisi tulinuna, yeye alinawa mikono akaanza upya. Julai 2019 kipande kimoja, kidogo kama ukucha, kikaanza kudunda chenyewe chini ya hadubini.

Siku tatu baadaye, saa sita mchana, umeme ukakatika na jenereta ikagoma. Chembe zile zikipoa, hufa. Bi. Sadiya akakaza kifuniko cha chupa yenye kipande kile, akaifunga tumboni kwa leso ndani ya gauni, akapanda boda kwenda Mvara, kwenye kliniki yenye umeme wa jua. Dereva, Ocama, alipoona anavyolishika tumbo, akapunguza mwendo.

“Mama, mtoto iko salama?”

“Iko salama. Wewe epuka tu hiyo shimo.”

Alikuwa na miaka hamsini na minne!

Kipande kilifika kinadunda. Kilishonwa kwenye moyo wa panya wenye kovu, na baada ya wiki nne moyo huo ulisukuma damu vizuri zaidi. Kwa binadamu bado hatujafika, na Bi. Sadiya hamfichi mtu. Taban alipouliza zamu yake, alijibiwa, “Bado, kaka. Meza dawa zako.”

Mwezi uliopita alimwachia Bi. Patience Candia, mwanafunzi wake, akuze kipande peke yake. Siku ya kukitazama, Bi. Sadiya alikaa kibarazani akijifanya kusoma gazeti alilolishika kichwa chini. Patience akatoka mbio: “Inadunda!” Bi. Sadiya akafuta macho, akaenda kutuchemshia chai.

Asante, Bi. Sadiya, kwa mikono na subira yako. Upumzike kwa afya na furaha, na asubuhi zako sasa ziwe zako mwenyewe.

Acidri Simon, kwa niaba ya wenzako