Kikombe Juu ya Boneti

Wallahi, na kwa wenzetu wa Jumapili naapa kwa msalaba wa kanisani Kirushya, kila neno hapa ni kweli tupu; nikizidisha hata punje, migomba yangu yote izae mihogo. Ubavuni mwa duka la Mzee Haji, Biharamulo mjini, kuna benchi moja la mninga lililomaliza kesi ambazo hata wakubwa walizikimbia. Mbele ya benchi imeegeshwa pikapu ya zamani, ya kabureta, jina lake Bi Taratibu. Wengine wanasema ilikuja kabla ya lami. Sabiti anasema ilikuja kabla ya barabara. Huyu Sabiti ndiye wanayemwita Redio, maana hazimwi. Alikuwa utingo wa Bi Taratibu miaka kumi na minne, na akikutana na mgeni humwambia hilo kabla ya salamu.

Sifa ya Bi Taratibu ilikuwa silensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Gari nyingine zikisimama bila kukanyagwa moto zinatetemeka kama mtu mwenye malaria. Yenyewe ilinguruma kama paka aliyeshiba. Mzee Haji alikuwa anajaza kikombe cha kahawa mpaka mdomoni, anakiweka juu ya boneti injini ikiwaka, abiria wote wanatazama. Tone halimwagiki! Kwa majivuno hayo akaapa mbele ya watu: siku kikombe kikianguka, gari mpeni mtu wa chuma chakavu.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, kikombe kilianguka.

Sasa Mzee Haji macho yamekwisha, amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Mwanawe Maulidi, anayetaka uwanja ule ajenge fremu za maduka, keshampigia simu mtu wa chuma. Atafika kwenye adhana ya alasiri.

– Kiapo ni cha baba mwenyewe, Maulidi akasema. Lakini mkiituliza kabla ya adhana, mimi sina neno.

– Ni plagi, akasema Desderius. Huyu wanamwita Spana, ingawa hajawahi kumiliki hata baiskeli. Plagi moja imelala. Na wahenga walisema, aliyelala usimwamshe. Itoeni!

Wakaitoa, wakaisugua, wakairudisha. Maulidi akawasha. Pili, mama wa kahawa, akajaza kikombe, Spana akakiweka juu ya boneti. Bi Taratibu ikakohoa, ikatingishika mpaka vioo vikagongana. Kikombe kikacheza, kikashuka chini puu!

– Vimebaki cha tatu, cha nne na cha tano, Pili akasema. Birika langu siyo Ziwa Burigi.

– Nilijua siyo plagi, Spana akasema.

– Ni wewe umesema plagi! Pili akamrukia.

– Nilikuwa nawapima.

Frednand, wanayemwita Katekista kwa kuwa kila jambo analifundisha mara tatu, akatikisa kichwa.

– Mafuta ya siku hizi, jamani. Petroli ya zamani ukiinusa tu unafika Mbuba, kule Ngara. Hii ya sasa haina imani. Tena injini yenyewe nimeiosha jana kwa mkono wangu, ili Mzee afurahi. Nimetoa majani, manyoya ya kuku, hata gunzi la mahindi ambalo panya wamelibana pale kwenye kabureta. Injini safi kama sahani ya harusi! Sasa inatetemeka nini?

Sabiti akageuka haraka kuitazama boneti.

Maana gunzi lile halikupelekwa na panya. Mwaka wa tisini na sita, katikati ya mlima wa Mbuba, na magunia arobaini ya maharage nyuma (Sabiti anasema mia), skrubu ya silensa ilikatika ikapotelea majanini. Bi Taratibu ikawa inazima kila ikiachwa bila kukanyagwa moto. Mzee Haji akasogea kando kuswali, na wakati amesujudu, utingo Sabiti akamaliza hindi lake, akakata kipande cha gunzi, akakibana chini ya mkono wa kabureta. Injini ikatulia tuli. Mzee aliporudi alisikiliza, akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, akakiweka kikombe juu ya boneti kwa mara ya kwanza. Akalia. “Mungu amejibu hapohapo,” akasema. Sasa wewe ungemwambia nini? Ungesema siyo Mungu, ni hindi? Sabiti akanyamaza. Tangu hapo, kila msimu wa mahindi alikuwa anafungua boneti, eti anaisalimia injini, anabadilisha gunzi. Mtu aliyesimulia kwamba aliwahi kumkimbiza simba wa msituni kwa honi, kisa pekee cha kweli alichokuwa nacho hajakitoa miaka yote.

– Redio, mbona umezima? Spana akamchokoza. Utingo wa miaka kumi na minne huna la kusema?

– Nasikiliza.

– Leo dunia inaisha! Basi nisikilizeni mimi. Hii gari imezoea upepo wa Ngara. Mapafu yake ni ya milimani. Huku tambarare inazidiwa. Tuigeuze iangalie Mbuba.

– Iangalie tu? Katekista akauliza.

– Mkono mtupu haulambwi. Sukuma!

Wakasukuma, jasho linawatoka, mpaka pua ya Bi Taratibu ikaelekea Ngara. Kikombe cha tatu kikaenda. Katekista akaleta maji ya baraka kutoka kwake, akanyunyiza juu ya tangi. Cha nne nacho kikaenda, kikamwunguza Spana mguu.

– Kimoja tu, Pili akasema. Mkimwaga hiki, mtakunywa maneno.

Mzee Haji akageuza uso kuelekea mngurumo.

– Akifika, mwacheni aichukue. Niliapa mwenyewe.

Hapo Sabiti akasimama. Angesema kweli, gari lingepona na Mzee angebaki na aibu: miaka yote ile anatamba kwa gunzi. Akavuta pumzi, akaanza kazi aliyozaliwa nayo.

– Ninyi wote hamjui kitu! Hii gari ina haya. Ameoshwa uchi mchana kweupe, na Katekista, mwanamume, kwa sabuni ya unga! Mtoto wa watu atatuliaje? Geukeni wote muangalie ukuta. Na wewe Maulidi uliyeko kwenye usukani, fumba macho. Mimi nimnong'oneze jina lake la utotoni, ambalo nililisikia mimi peke yangu msituni.

– Redio, huo ni wazimu.

– Plagi ilikuwa akili? Geuka!

Wakageuka, mpaka Spana mwenye mguu wa moto. Pili alikuwa anawashia jiko la kahawa kwa magunzi, ana kiroba kizima pembeni. Sabiti akachomoa moja, akalikata kwa meno, akainama ndani ya boneti. Mkono ulikuwa bado unajua njia. Kipande kikaingia. Tetemeko likapungua, likawa mngurumo, mngurumo ukawa ule wa paka.

Sabiti akafunga boneti, akaweka kikombe cha mwisho, kimejaa mpaka mdomoni. Tone halikumwagika. Kwenye kahawa yalionekana mpaka mawingu.

Adhana ikaanza. Na mtu wa chuma chakavu, jina lake Fideli, akafika na fuso lake, akashuka, akasikiliza, akatazama kikombe.

– Nimeambiwa gari bovu. Mmeifanya nini?

Spana akamtazama Katekista. Katekista akamtazama Sabiti. Sabiti akatazama viatu vyake. Maulidi akazima injini, akampa Fideli mkono wa pole.

Mzee Haji akasimama, akapapasa njia kwa fimbo mpaka kwenye boneti. Akakipata kikombe bila kukimwaga, akanywa chote, akamwinamia Sabiti sikioni.

– Shikamoo mzee, Sabiti akasema.

– Marahaba, mwanangu. Gunzi la msimu huu umelitoa wapi? Lile la mwaka jana, la shamba la Nyamahanga, lilikuwa gumu kidogo.

Redio ikazima kabisa.

Sasa wewe uliyesikia, tafadhali, neno hili liishie hapohapo ulipokaa. Pale benchini wanajua gari lina haya, na Katekista kila akipita anamwomba Bi Taratibu radhi. Waache hivyohivyo.