Mama Namba Ameondoka na Simu Yake

Baada ya miaka thelathini na tatu na miezi minne ya utumishi katika ofisi yetu ya maji, mtunza masjala wetu, ambaye wote tunamwita Mama Namba, alistaafu rasmi Ijumaa iliyopita saa tisa na nusu alasiri. Muda huo una ushahidi wa watu zaidi ya ishirini waliokuwa kwenye korido wakiangalia saa.

Aliajiriwa kupanga mafaili, na aliyapanga. Ukimtajia mteja aliyekatiwa maji miaka kumi na mitano iliyopita, alikuwa anainuka, anakwenda kabati la nne, anarudi na jalada kabla hujamaliza kueleza. Kwa kazi hiyo hakuwahi kupewa hata cheti cha ukutani.

Umaarufu wake ulianza miaka sita iliyopita, ulipoletwa mfumo wa kompyuta wa mahudhurio, likizo na barua za ofisi. Afisa tehama alitueleza kwamba nywila peke yake haitoshi: kila ukitaka kuingia, mfumo utakutumia namba ya tarakimu sita kwenye simu yako, nayo hudumu dakika mbili tu. Kwa hiyo kila mtu ajaze fomu na aandike namba yake ya simu. Hapo ndipo mtu mmoja, sitamtaja lakini ni dereva, alipopitisha neno kwamba Mkuu wa ofisi anazitaka namba hizo ili atupigie Jumapili. Dereva akaandika namba ya masjala, kwa kuwa ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa ajili ya vifurushi. Fundi wa mita akachungulia fomu yake, naye akaandika hiyo hiyo. Mimi nilikuwa wa saba. Katibu muhtasi, aliyetumwa kumjazia Mkuu fomu, aliona wenzake wameandika nini akadhani ndiyo maelekezo. Kufikia mchana wafanyakazi arobaini na mmoja, Mkuu akiwemo, walikuwa na simu moja, na simu hiyo ilikuwa ya Mama Namba mwenyewe, kwenye mkoba wake. Afisa tehama aliandika katika ripoti yake kwamba usajili umefanikiwa kwa asilimia mia.

Tangu siku hiyo, mlango wa ofisi yetu ulikuwa ni mama mmoja mwenye miwani. Asubuhi tulikaa kwenye benchi la korido mmoja mmoja, maana mkijaribu kuingia wawili kwa pamoja namba zinachanganyikana. Alisoma tarakimu tatu, akanyamaza, akasoma tatu nyingine, na aliyekosea alirudi mwisho wa foleni. Siku aliyong'olewa jino alikuja na pamba mdomoni, akatuandikia namba kwenye vipande vya karatasi. Katika miaka yote sita alikwenda likizo mara moja tu, bintiye alipoolewa. Video ya harusi hiyo ipo, na pale bwana harusi anapoulizwa kama anakubali, sauti inayosikika ni ya mama mkwe wake akimsomea fundi wa bomba nne, nne, sifuri.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma, na sitalipaka sukari. Mara tatu aliomba kupandishwa cheo, na mara tatu alijibiwa kwamba hana uelewa wa kutosha wa mifumo ya kisasa. Majibu yote matatu yaliandikwa ndani ya mfumo, na aliyeyaandika aliingia kwa namba aliyosomewa na mwombaji mwenyewe. Sisi tulijua. Tulicheka chooni, kisha tukarudi kwenye benchi.

Miezi mitatu kabla ya kustaafu alibandika tangazo kwa mwandiko wake mzuri, akitutaka twende tubadilishe namba, kazi ya dakika tano kwa mtu. Alieleza pia anakokwenda: kwa dada yake mkubwa, ambaye macho yanafifia, na ambaye yeye alikuwa amemwahidi kumsomea gazeti kila asubuhi. Dada alikuwa anangoja kwa mwaka wa pili. Wafanyakazi tisa walikwenda kubadilisha. Sisi thelathini na wawili tulisema bado mapema. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini sisi matumbo yetu yalikuwa hayajaanza kuuma.

Ya Mkuu yalianza Ijumaa hiyo hiyo ya kustaafu. Alipoambiwa kwamba Jumatatu hataweza kuingia, hakuuliza kuhusu kubadilisha namba. Aliamua kuahirisha kustaafu kwa Mama Namba kwa miezi sita, kwa maslahi ya kazi, na alitakiwa kuingiza uamuzi huo kwenye mfumo kabla ya mwisho wa kazi. Kama kawaida, alimtuma katibu muhtasi akachukue namba.

Mama Namba hakuwahi kumuuliza mtu anaingia kufanya nini. Siku hiyo aliuliza. Katibu muhtasi hajui kudanganya. Mama Namba alimsikiliza, akasema Mkuu aje mwenyewe.

Na Mkuu akaja. Kwa mara ya kwanza tukamwona amekaa kwenye lile benchi, kompyuta mpakato mapajani, magoti yamempanda juu. Alianza na heshima zote: "Mama, tusaidie kidogo. Miezi sita si mingi."

Simu ilikuwa imeshalia. Mama Namba aliishika mkononi. "Nitakusomea, Mkuu. Ila kwanza waambie hawa unaingia kufanya nini."

Mkuu alitutazama. Korido nzima ilikuwa inamtazama yeye. Alikohoa, akarekebisha tai, na dakika mbili zikapita. Aliomba namba nyingine, nayo ikafa mkononi mwa mama vile vile, na ya tatu pia. Baada ya hapo mfumo wenyewe ulimfungia nje mpaka Jumatatu. Saa tisa na nusu ikafika. Mama Namba akazima simu, akafunga kabati la nne, akatuaga kwa mikono mmoja mmoja, akianza na Mkuu.

Taarifa hii imepigwa kwa taipureta ya masjala na kubandikwa ukutani, kwa sababu mwandishi wake, pamoja na wenzake thelathini na mmoja, yuko nje ya mfumo. Afisa tehama anasema ili tubadilishe namba inahitajika namba, na inakwenda kwenye simu ile.

Mama, asante kwa kila tarakimu, na utusamehe kwa yale majibu matatu. Tunakutakia maisha mema na magazeti marefu. Simu iache imezimwa. Na kama itabidi uiwashe kwa ajili ya dada, ukiona namba ya ofisi usipokee, hata kama anayepiga ni mimi.